Mtu wa Mgongo

Neno lililopigwa marufuku katika chumba cha kuzalia cha Sista lilikuwa "pole". Ungeweza kulia, kuimba nyimbo za kanisani, kumwita Mungu kwa Kiembu au kwa Kimeru, hata kumtukana mumeo na ukoo wake mzima, na yeye asijali. Lakini mtu akisema pole, hata kwa kunong'ona, Sista aliinua kichwa na kuuliza, "Nani amekufa hapa?" Kisha alingoja ajibiwe. Halafu alimwelekeza aliyesema: "Pole ni ya matanga. Huyu mama anafanya kazi. Muulize kazi imefika wapi."

Nimemjua kwa miaka tisa na sijawahi kumwita kwa jina lake. Sijasikia mtu mwingine akimwita hivyo pia. Alikuwa Sista, mkunga wa kituo kidogo cha afya kilicho juu ya Runyenjes, pale kahawa inapoishia na majani chai kuanza. Alizaliwa wapi na nani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Ninachokijua ni namna alivyofanya kazi, maana ilinikuta nikiwa na hofu ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Kendi, mtoto wangu wa kwanza, nilimzalia katika hospitali kubwa ya mji mwingine. Sitaitaja. Wauguzi walikuwa wawili, sisi tulikuwa wengi, na sina ugomvi nao. Mume wangu aliachwa nje ya geti, na mama yangu vilevile. Nililala chali tangu asubuhi nikitazama doa la maji kwenye dari, na kila nilipoita niliambiwa bado. Kendi alitoka mzima, namshukuru Mungu, lakini alitoka tukiwa sisi wawili tu, mimi na doa langu. Watu husema uchungu wa uzazi husahaulika, na ni kweli, wangu niliusahau. Sikusahau ule upweke. Mimba ya pili iliposhika, kila usiku nililiona lile doa. Sikuwa naogopa kuumwa. Niliogopa kuachwa.

Siku ya kwanza ya kliniki, Sista alinipima presha, akanipima uzito, akabonyeza vifundo vya miguu kuona kama vimevimba, na wakati huo wote hakunitazama usoni. Alikuwa mfupi, mabega mapana, sweta ya kijivu juu ya sare, na gambuti miguuni kwa sababu ulikuwa msimu wa mvua na njia ya kituo ilikuwa tope tupu. Alipomaliza alichukua kitabu changu cha kliniki, akakigeuza, akatoa kalamu nyekundu mfukoni.

"Mtu wako wa mgongo ni nani?"

Nilidhani anauliza kama mgongo unaniuma. Nikasema unauma kidogo jioni.

"Sijauliza hiyo. Siku ya kuzaa, nani atakuwa hapa nyuma yako anakukanda mgongo? Taja mtu. Si 'nitaona', si 'tutaangalia'. Jina."

Hilo lilikuwa swali lake kwa kila mjamzito, na bila jina hukutoka mlangoni. Msichana mmoja wa shule aliwahi kumwambia hana mtu. Sista akaandika jina la mwanamke aliyefuata kwenye foleni, muuza ndizi ambaye hawakuwa wamewahi kuonana, akamwita ndani na kumpa kazi hiyo. Muuza ndizi alilalamika wiki nzima, lakini siku ilipofika alikuja. Nasikia mpaka leo wanatembeleana Krismasi.

Nilipoulizwa mimi, nilitaja wawili: mume wangu na mama yangu. Sista alisema chumba ni kidogo, nichague mmoja. Nikamwambia siwezi. Akiwa mmoja, anaweza kuzuiwa getini; wakiwa wawili, mmoja akizuiwa, wa pili atabaki. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza.

"Hapa hatuna geti," alisema. Lakini akayaandika majina yote mawili. Alifanya kosa, na mimi nilifanya kosa kubwa zaidi, na nitalieleza mbele.

Darasa lake lilikuwa Alhamisi mchana, kliniki ikiisha, chini ya paa la mabati kando ya tangi la maji. Tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa na hayakurudishwa. Alitufundisha mambo yaleyale ambayo nimesikia tangu wakati huo kwa wataalamu wa mjini, ila kwa vifaa vya kwake. Kila mjamzito alipewa kikombe cha uji wa wimbi uliotoka jikoni ukichemka. Hukuruhusiwa kunywa. Ulitakiwa uupoze kwa pumzi yako, ndefu na polepole, mpaka unyweke. Ukipuliza kwa pupa uji ulikurukia mkononi. Ukishikilia pumzi, uji ulibaki moto na njaa ilibaki palepale. Wiki ya kwanza sote tulimwagikiwa. Wiki ya tano nilikuwa napoza kikombe huku nikizungumza na jirani.

"Leba ni uji," alisema Sista. "Ukikimbizana nayo inakuchoma. Ipoze."

Wanaume walikuwa na somo lao, na hao ndio aliowaonea kabisa. Mume wangu ni mtu wa Kibirichia kule Meru, amekulia kwenye mashamba ya viazi, na wakati ule alikuwa akipima kahawa kiwandani karibu na Runyenjes. Si mtu wa maneno. Sista alimpa unga uliokandwa kwenye sufuria na kumwambia aonyeshe jinsi anavyoweza kukanda. Akaugusa unga kama mtu anayeogopa kuuamsha.

"Baba Kendi, hiyo ni chapati ama ni bomu?"

"Ni chapati, Sista."

"Basi kanda. Tumia uzito wa mwili, usitumie vidole. Bibi yako si simu."

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja na daftari akauliza kama kutakuwa na maandishi ya kusoma nyumbani. Sista alimpokonya daftari, akalikalia, akamwambia mgongo hausomi. Alikuwa pia na mpira mkubwa wa buluu ambao mwanafunzi wa uuguzi aliuacha pale alipomaliza mafunzo yake. Wajawazito tulitakiwa kuukalia na kuzungusha kiuno ili mtoto ashuke. Tulikuwa tunaupata kwa shida, kwa kuwa Sista mwenyewe aliukalia akiandika ripoti na hakupenda kuondoka juu yake.

Hakuwa mtu wa mstari mmoja. Alituhubiria kutembea, tupande kilima kila asubuhi, na yeye alichukua bodaboda kutoka kituoni mpaka dukani, mahali ambapo ungeweza kurusha jiwe likafika. Aliishi katikati ya majani chai na hakunywa chai, alikunywa kakao, akisema chai ameiona ikichumwa vya kutosha. Mpole namna ile kwa mwenye uchungu, foleni ya kliniki hakuihurumia hata kidogo. Aliwahi kunifokea mbele ya watu kwa kukosa kumeza vidonge vya kuongeza damu siku tatu, nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Kwa siku mbili nilimchukia kweli. Siku ya tatu nikavimeza.

Kingine kilichonishangaza: alihimiza uzazi wa kawaida kwa nguvu zake zote na hakuuabudu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye simu. Mapigo ya moyo wa mtoto yakimtia shaka, aliita ambulensi kwenda Embu hata kama mama alikuwa anamsihi angoje kidogo. Jirani yetu mmoja alipelekwa hivyo na akafanyiwa upasuaji. Aliporudi, mama mkwe wake akaanza kusema kijijini kwamba huyo hakuzaa, alipasuliwa tu. Sista alisikia. Jumamosi alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ile na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, akakaa sebuleni, akamchukua mtoto, akamgeuza mbele na nyuma.

"Mzuri sana," alimwambia mama mkwe. "Mmemwokota wapi?"

Mama mkwe akasema jamani, Sista, si ni mjukuu wangu.

"Ala! Na nimesikia hakuna mtu amezaa hapa."

Njahi zililiwa na maneno yale hayakurudi. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na ulimi, na aliutumia mahali ulipohitajika na mara nyingine mahali usipohitajika.

Sasa kosa letu. Kwetu Embu, na kwa akina mume wangu kule Meru, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Kuna nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, na hakuna mmoja atakayeingia chumba cha kulala ambamo mwingine yumo. Vijana wa siku hizi wameilegeza, lakini mama yangu hakuwa kijana, na mume wangu alilelewa na nyanya yake. Katika miaka mitano ya ndoa yangu walikuwa wamesalimiana kwa mbali tu, mmoja akitazama ng'ombe na mwingine akitazama mlima. Mimi nilijua yote haya. Nilikuwa nimeshikwa na hofu ya kuachwa kiasi kwamba sikufikiri hata kidogo hao wawili watasimama wapi. Sista alijua desturi vizuri kuliko mimi, na akayaandika majina yale kwa wino mwekundu kwa sababu, aliniambia baadaye, aliniona macho.

Uchungu ulianza siku ya soko, asubuhi. Tulifika kituoni mume wangu akiwa amenishika kiuno. Saa nne nilikuwa nimepiga magoti sakafuni kwenye godoro, nimeegemea mpira wa buluu, naye nyuma yangu anakanda chini ya mgongo kama mtu aliyeajiriwa. Alikuwa amejifunza kweli. Kila uchungu ulipopita Sista alisema maneno yake, yaleyale kila mara: "Hiyo imeenda. Haitarudi." Nilipoza uji ambao haukuwapo. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba siku hii itakuwa tofauti.

Ndipo mama yangu akafika kutoka shambani, leso mkononi, chupa ya uji kwapani, akafungua mlango bila kubisha.

Alimwona mkwe wake amepiga magoti, mikono iko mgongoni kwangu. Akajifunika uso kwa leso, akageuka akatoka. Mume wangu alisikia sauti yake, akaruka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mmoja alikimbilia upande wa barabara, mwingine upande wa ua wa michongoma. Na hapohapo uchungu mwingine ukanishika, mkubwa kuliko wote uliotangulia, na mgongoni kwangu hapakuwa na mkono. Sista alikuwa kwenye chumba cha pili ananawa. Niliinua macho nikaona dari. Dari ile haikuwa na doa, lakini mimi nililiona. Nikapiga yowe ambalo nasikia lilifika mpaka dukani.

Sista aliingia maji yakimchuruzika viwikoni. Aliniweka mkono mgongoni mpaka uchungu ukapita, akasema imeenda, haitarudi, kisha akafungua dirisha la nyuma.

"Baba Kendi! Unakimbia nini?"

"Sista, mama mkwe ako ndani!"

"Hayuko ndani! Yeye pia ametoroka! Ndani kuna bibi yako peke yake!"

Sista akafungua mlango wa mbele.

"Shosho, rudi hapa."

"Sista, wacha tu. Ni nthoni. Huyo ako na bibi yake, mimi nitangoja hapa nje."

"Hayuko na bibi yake, ako kwa michongoma. Nipe hiyo leso."

Alichukua leso ya mama yangu, akafunga pembe moja kwenye stendi ya dripu na nyingine kwenye komeo la dirisha, ikaning'inia juu ya mabega yangu. Mbele ya leso kulikuwa na kichwa changu na mikono yangu. Nyuma kulikuwa na mgongo. Akamwingiza mama yangu kwa mlango wa mbele, akamkalisha kwenye kigoda aishike mikono yangu. Akamwingiza mume wangu kwa mlango wa nyuma, akamrudisha kazini. Hakuna aliyemwona mwenzake.

"Nthoni imekaa sawa," alisema Sista. "Sasa tufanye kazi."

Kwa saa mbili na nusu walifanya kazi. Hawakusemezana hata neno, walipitia kwa Sista. Mama yangu alisema, "Mwambie huyo mwenye mikono ashuke chini kidogo, hapo juu hakuna kitu." Kutoka nyuma ya leso sauti ikajibu, "Mwambie mama nimesikia." Baadaye kidogo: "Muulize kama amekula." "Mwambie mama nimekula asubuhi." Sista alirudia kila neno, ingawa wote tulikuwa tumesikia. Mimi nilicheka katikati ya leba, kitu ambacho nilikuwa sijui kinawezekana, na Sista akasema cheka, kucheka kunafungua njia.

Mwishoni hapakuwa na kicheko. Nilisema siwezi. Sista akasema, "Umesema hivyo kwa sababu umefika." Aliniambia nisisukume bado, nipoze uji, nipoze, nipoze, na kisha akasema sasa. Mama yangu alikuwa amenishika mikono. Mikono ya mume wangu ilikuwa mgongoni na haikutoka. Binti yangu alitoka adhuhuri, akilia kabla hajamaliza kutoka, na Sista akampitisha kati ya miguu yangu na kumleta kifuani akiwa na joto na utelezi. Mama alipiga vigelegele. Nyuma ya leso tulisikia mwanamume akilia kwa sauti.

Mama yangu akasikiliza kidogo. "Mwambie pole," alisema.

"Nani amekufa hapa?" akauliza Sista.

Mtoto yule anaitwa jina la mama yangu, kama desturi inavyotaka kwa binti wa pili. Mume wangu mpaka leo hawezi kulitamka, anamwita Mama. Mtoto ana miaka minane na anadhani ni jina la utani.

Tulihamia Embu mjini, mtaa wa Dallas, nilipopata kazi ya ukarani katika shule moja. Sista alistaafu. Nilikuwa nikimtumia ujumbe wa sikukuu, naye alijibu kwa neno moja, "Asante," kama mtu anayelipia kila herufi. Mwaka huu jirani yetu wa zamani, yule wa upasuaji, alinipigia simu akasema nyonga ya Sista imelika kabisa, daktari ameamua ibadilishwe, anaingia hospitali ya Embu Jumanne. Aliongeza kwamba kila anayejitolea kwenda naye anaambiwa tayari kuna mtu.

Jumapili nilipanda Runyenjes baada ya ibada. Nyumba yake ni ya mawe, ndogo, ua wake umefyekwa vizuri. Nilimkuta amekaa kwenye ule mpira wa buluu. Sijui aliupataje na sikuuliza. Mkongojo ulikuwa umeegemezwa ukutani. Alikuwa amekonda, mabega tu ndiyo yalibaki. Alijaribu kuinuka anisalimie, maumivu yakamkamata njiani, akashika meza.

Neno lilinifika mdomoni. Nikalimeza.

"Kazi imefika wapi, Sista?"

Alicheka, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Umejifunza," alisema. Nilimmiminia uji kutoka kwenye chupa niliyobeba. Ulikuwa moto. Aliushika kwa mikono miwili akaanza kuupoza, pumzi ndefu, na nikamwona akiupoza kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Nilimuuliza watoto wake wanasemaje. Alisema wawili wako mbali, wa tatu ana kazi, wote wanapiga simu, simu si haba. Kisha, akitazama kikombe, akasema alizaa watatu wote bila mtu. Wa kwanza mume alikuwa safarini. Wa pili ilikuwa mvua. Wa mwisho yeye mwenyewe alikuwa zamu, mkunga pekee katika wodi iliyojaa, akaingia chumba cha stoo akafunga mlango.

"Nilizaa, nikanawa, nikarudi kwa wengine," alisema. "Watu walinisifu. Sikutaka sifa."

Miaka tisa nilidhani swali lile alilitoa kitabuni.

Kwenye meza kulikuwa na faili lake la hospitali. Nililivuta, nikaligeuza nyuma. Palikuwa patupu.

"Mtu wako wa mgongo ni nani?"

"Nimewaambia niko na mtu."

"Sijauliza hiyo. Jina."

Alikizungusha kikombe mikononi. Nilisikia kuku wakipekua majani nje. Nilimwambia naishi Dallas, karibu kabisa na hospitali, shule imefungwa, na mume wangu ameshasema atakuja na gari la rafiki yake Jumanne asubuhi. Nilimwambia mikono ya Baba Kendi bado inakumbuka.

Sista aliweka kikombe chini. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, ile ya kijivu, akatafuta, akatoa kalamu nyekundu, akanipa.

Niliandika jina langu. Niliandika kwa haraka, herufi zikabanana. Alilivuta faili, akalisoma kwa mbali kisha kwa karibu, akalirudisha.

"Andika vizuri," alisema. "Wataweza kusoma hiyo?"

Nikaliandika tena chini yake, kwa herufi kubwa.